Mkono wa Katikati

Kitengela, Jumapili alasiri

Naipanoi,

Mmeniachia nyumba. Baba yako amewachukua nyote mwende Kajiado kumuaga nyanya yenu, Koko, nami nikasema kichwa kinaniuma. Kinaniuma kweli, lakini hiyo si sababu ya kubaki. Nilitaka kukaa na kalamu kabla kesho haijafika na kelele zake. Upepo umeleta vumbi la viwandani hadi kwenye sahani nilizoosha asubuhi, nami sina nguvu ya kuziosha tena. Mtazikuta hivyo hivyo.

Sitakuandikia habari za kufunga mlango wa bweni, wala za wavulana wenye maneno matamu, wala za kuvaa sweta kule Kericho. Baba yako anakupa hizo sasa hivi njiani, namjua, na kama kuna moja ameisahau ataikumbuka kesho stendi, gari likiwa limeshawashwa. Mimi nina agizo moja tu na nimeliweka mwisho wa barua. Usiruke ukalitafute. Wewe ndiye mtu pekee ninayemjua anayesoma kitabu cha hadithi kuanzia nyuma.

Ijumaa mezani baba yako alikuuliza chuo kikifungwa utakuja wapi, hapa Kitengela au kwa Koko. Ukasema, "Nitaona." Akaweka kijiko chini. Akaanza, "Nitaona ndiyo nini? Mtu hana kwao?" Kisha akanyamaza ghafla, nawe labda ukadhani amekuonea huruma. Hapana. Nilimkanyaga mguu chini ya meza, tena kwa kisigino, na alinilalamikia mpaka tukalala. Nataka ujue kwa nini nilimkanyaga. Lakini ili ujue, itabidi nikupeleke kazini kwangu kwanza. Vumilia, si mbali.

Miaka yote hii umeniona nikitoka na koti jeupe na kurudi nikinuka kama duka la rangi, na hukuwahi kuuliza nafanya nini huko. Sikulaumu. Uliwahi kumwambia mdogo wako Resiato kwamba kemia ni somo la watu wasio na marafiki. Nilisikia, nikacheka peke yangu bafuni. Basi kiwandani tunapika rezini, ule utomvu unaofanya rangi ya mafuta ishike mlangoni na ikauke iking'aa. Ni kupika kweli. Kuna sufuria ya chuma ndefu kama nyumba, kuna moto, na wanaoisimamia tunawaita wapishi. Kazi yangu ni kuonja, ila si kwa ulimi. Kila baada ya muda mpishi ananiletea kijikopo cha ule uji wa moto, nami napima ukali wa asidi iliyobaki. Nauyeyusha, naudondoshea dawa tone kwa tone, mpaka ugeuke waridi na ubaki waridi. Matone yakiwa mengi, bado asidi nyingi inazurura, haijapata pa kushika. Yakipungua, kazi inaendelea.

Kinachoishika asidi hiyo ni gliseroli. Umeiona. Ni ile glisirini ya chupa ndogo unayopaka midomoni baridi ya Julai ikianza, nzito, tamu kidogo, haina rangi. Ukiweza kuiona kwa ndani utakuta ni kitu kifupi chenye mikono mitatu, mmoja huku, mmoja kule, na mmoja katikati. Vitabu huiita mikono hiyo haidroksili. Mkono ukikutana na asidi penye joto vinashikana, vinatema maji kidogo, na pale vilipofungana panaitwa esta. Mafuta yote unayoyajua, ya ng'ombe, ya alizeti, ya nazi, ni gliseroli iliyoshikwa mikono yote mitatu.

Ubaoni mikono hiyo inafanana. Mwalimu wangu wa sekondari aliichora kwa urefu mmoja, nami nikaamini inafanya kazi sawasawa. Nilipoingia kiwandani ndipo nikaona. Asidi ikishamwagwa, mwanzoni namba yangu inashuka mbio na mpishi anapiga mluzi. Hiyo ni mikono ya pembeni. Iko wazi, haina wa kuizuia, inashika kinachopita. Halafu namba inagoma. Napima, nangoja, napima tena, ni ile ile. Hapo tumefika kwa mkono wa katikati. Una jirani kulia na jirani kushoto, na majirani wenyewe sasa wamebeba mizigo, kwa hiyo asidi ikija inagonga mabega ya watu kabla haijafika mlangoni. Mkono huo unashika, usidhani haushiki. Unashika polepole, na mpishi hana la kufanya ila kukoroga na kungoja.

Mwaka mmoja kabla sijaolewa na baba yako, hatukungoja. Krismasi ilikuwa imekaribia, mpishi wetu Mutuku ana basi la kwenda Kitui, na mimi miguu imevimba. Namba ikagoma. Akaniangalia, nikamwangalia.

"Tuongeze moto kidogo?" akauliza.

"Ongeza," nikasema.

Mikono ya pembeni huunga minyororo mirefu; ukiulazimisha mkono wa katikati kwa moto, unaunganisha mnyororo huu na ule, na ule na mwingine, mpaka kilichomo ndani ya sufuria chote kinakuwa kitu kimoja. Kinaganda. Hukikorogi, hukimimini. Tulizima moto tukiwa tumechelewa. Sikukuu hiyo watu waliingia ndani ya sufuria na tindo na nyundo, wakawa wanabandua vipande kutoka ukutani. Mutuku alikosa basi lake na hakunisemesha mpaka Pasaka.

Ungedhani mtu aliyeyaona hayo kwa macho yake angejua la kufanya nyumbani. Ndiyo hapo sasa.

Nilikuja kwenu wakati wa mvua za El Nino. Barabara ya Namanga ilikuwa imegeuka mto, na sanduku langu lilifika siku moja baada yangu. Yeyo wenu, mama aliyewazaa, alikuwa ameshafariki, nyumba inaendeshwa na baba yako ambaye usiku na mchana yuko kwenye minada ya ng'ombe, na mimi Mkamba wa Makueni nilikuwa nimezoea chupa za maabara kuliko watoto. Lemayian aliniita Mama wiki ya kwanza, mara ya kwanza kwa kujisahau, mara ya pili kwa sababu alitaka viatu. Resiato alikuwa mdogo kiasi kwamba hata muuza maziwa alimwita Mama. Sisemi hao wawili walinipenda. Walikuwa wazi tu, na mimi nilipita.

Wewe ulikuwa katikati yao. Kaka yako amekuegemea huku, mtoto umembeba mgongoni huku, na hapakuwa na upenyo wa mtu mzima kukufikia. Hukunitukana hata siku moja. Ulifagia, uliteka maji, ulinionyesha duka la mkaa lisilopunja. Ila hukuniita chochote. Ulikuwa na ufundi wa kuanzisha sentensi ikiwa imeshafika katikati: "Maji imeisha." "Kuna mtu kwa geti." "Resiato iko na homa." Nikiwa nimekupa mgongo ungesimama pale ungoje nigeuke, hata maziwa yakiwa yanafurika jikoni, kuliko unipe jina.

Kitu ambacho sikukiona wakati ule ni stuli yako. Mwanzoni uliiweka mlangoni mwa jikoni, mguu mmoja nje. Baada ya muda ikawa karibu na dumu la maji. Kisha ikawa karibu na jiko, ukichambua mchicha nami nikikanda, na hakuna anayesema neno. Mimi mpimaji wa kulipwa, namba ilikuwa inashuka mbele ya macho yangu na sikuisoma. Nilikuwa nangoja neno "Mama". Akina mama wa kanisani nao hawakunisaidia. Kila Jumapili, "Na yule wa katikati? Bado?" Nikawa naona aibu, kana kwamba nimepewa mtihani na nimeshindwa swali moja.

Kisha nikafanya lile la kibuyu. Unalijua, ulikuwepo, na sikuandikii kama mtu anayetoboa siri. Nataka tu ulisikie mara moja kutoka upande wangu.

Nilikuwa nikifagia chini ya kitanda chenu nikakikuta kimefungwa kwenye shuka, kibuyu cha maziwa cha Yeyo, na shanga zake kwenye kifuniko. Kilinuka moshi na maziwa ya zamani. Kwetu Makueni vibuyu vyetu vilikuwa vya maji, na vilioshwa. Nikadhani kimechakaa kwa sababu mtoto hajui kukitunza, nikasema moyoni, leo nitampa zawadi. Nikachemsha maji, nikatia sabuni ya unga, nikatia na magadi, nikakitikisa, nikakisuuza, nikarudia mpaka maji yakatoka meupe. Mimi, mtu wa maabara! Najua magadi ya moto yanafanya nini kwa mafuta. Yanafungua zile esta, mkono baada ya mkono, mpaka gliseroli inabaki mikono mitupu na asidi zake zinaondoka na povu. Ndani ya kibuyu kile kulikuwa na miaka ya maziwa ya ng'ombe wenu na moshi wa mzeituni wa porini, mama yako akiyasugua humo kwa mkono wake kila alfajiri. Nikamwaga yote mtaroni. Nikakianika juani, nikakaa mlangoni nikingoja unishukuru.

Ulitoka shule. Ukakichukua, ukafungua kifuniko, ukaweka pua. Ukanusa muda mrefu.

"Hakuna mtu," ukasema.

Ulikuwa darasa la tatu. Ukakirudisha kifuniko vizuri, ukakifunga kwenye shuka, na jioni hiyo stuli ikarudi mlangoni.

Hapo ningenyamaza. Ningekaa na aibu yangu kimya, nikakoroga na kungoja. Badala yake niliongeza moto. Nilisimama na mwiko mkononi nikatangaza, "Leo mtu akitaka chakula aseme, Mama naomba chakula." Lemayian akasema haraka haraka. Resiato akasema mara mbili, akidhani ni mchezo. Wewe ukanawa mikono, ukakaa mbele ya sahani tupu, ukainama. Kesho yake vilevile. Nilikuwa nakuogopa, Naipanoi, wewe mtoto mdogo. Nilikuchukia kidogo pia, na nikijiona nakuchukia nilijichukia zaidi, na badala ya kuacha nilikaza.

Nyumba ikaganda. Lemayian akaanza kukufichia ugali ndani ya shati, kisha akaacha kuniita Mama ili usibaki peke yako. Resiato akawa analia kila akiona mwiko. Baba yako akarudi kutoka mnadani, akaona, akasukuma sahani yake mwenyewe. "Hapa hakuna mtu anakula kwa jina," akasema, na kwa muda mrefu baada ya hapo alinisemesha kama mgeni aliyekuja kuuliza njia. Hata wale waliokuwa wameshika vizuri walikwama. Nilikuja kukuomba radhi pale kwenye kamba ya nguo. Ukasema, "Sawa," bila kuangalia juu, ukaendelea kuanika soksi.

Watu hupenda kusema kwamba baada ya kosa kubwa walipata hekima. Mimi sikupata hekima. Nilichoka tu. Nilipunguza moto kwa sababu sikuwa na kuni tena. Nikaacha kungoja neno, nikaacha kuwajibu wa kanisani, nikapika, nikaenda zamu, nikarudi. Nadhani miaka ile ndipo tulipoanza kuishi nyumba moja, mimi na wewe, ingawa ukiniuliza kilitokea nini siku yoyote ile nitakwambia hakuna.

Ukiwa darasa la nane nikapata mimba. Nilikuwa nimeshakata tamaa ya kuzaa, nikawa natembea Kitengela nzima na tumbo mbele kama mgombea kiti. Unakumbuka ilivyoisha. Alikuwa mvulana, alikuwa na nywele nyingi, na hakupumua. Nilirudi nyumbani mikono mitupu, maziwa yakinilowesha nguo. Watu walikuja, sitawalaumu, walileta soda na mkate na sukari. Walisema Mungu atanipa mwingine. Walisema bora sikumzoea. Hakuna hata mmoja aliyeongea nami kama mtu aliyezaa. Kwa hesabu yao nilikuwa mgonjwa aliyetoka hospitali, basi.

Jumamosi ile ulipotea na baba yako mkaenda Kajiado, sikuuliza. Mlirudi jua limeinama. Niliwasikia jikoni mkinong'ona, nikasikia jiko likipulizwa. Kisha ukaingia na kikombe cha bati umekishika na kanga kwa sababu kilikuwa cha moto. Harufu ilifika kitandani kabla yako. Ulikuwa na kondoo mmoja, yule jike mwekundu mwenye mkia mnono ambaye Koko alikutengea kutoka kundi la Yeyo, kitu pekee chenye uhai kilichokuwa chako duniani. Ulikuwa umemchinja.

Ukasimama. Nikaona midomo yako ikitafuta mahali pa kuanzia sentensi.

"Kwetu mtu akizaa anakunywa mafuta ya kondoo," ukasema.

"Sijazaa, Naipanoi. Mtoto hayuko."

"Umezaa. Si niliona tumbo?" Ukanisogezea kikombe. "Kunywa ikiwa moto, ikiganda itakushinda."

Nilikunywa. Nililia ndani ya kikombe, mafuta na machozi nikavimeza pamoja, na wewe ukasimama pale mpaka nikamaliza, ukachungulia ndani kuhakikisha. Na unajua kichwa changu kilivyo kibovu. Hata katikati ya kilio kile kilikuwa kinasema, haya mafuta ni gliseroli, mikono yote mitatu imeshikwa, na wa katikati umo. Hakuna aliyewasha moto wa kiwandani. Kondoo alikula nyasi za Kajiado, akalala, akaamka, akala tena.

Koko alipokuja kunipa pole baba yako alimweleza. Nilidhani atagomba kwa ajili ya kondoo. Alicheka mpaka akashika ubavu. "Sasa nyinyi imekuwa Paker," akasema kwa Kiswahili chake. "Wewe ukitaka yeye, unaita Paker. Yeye akitaka wewe, anaita Paker. Jina ile ingine mnaweka chini." Baba yako akanifafanulia kwamba ndivyo ilivyo kwa Wamaasai, anayetoa kondoo na anayepewa huitana kwa kondoo huyo, wote jina moja, bila mkubwa wala mdogo. Nilimshukuru, lakini sikutarajia kitu. Nilikuwa nimechoka kutarajia.

Asubuhi yake nilikuwa natia majani ya chai, nimeupa mlango mgongo.

"Paker," ukasema, "sukari imeisha."

Niligeuka haraka mpaka nikamwaga maziwa. Ilikuwa sentensi ya kwanza uliyonipa yenye mwanzo wake. Nilienda dukani mwenyewe kununua hiyo sukari, na njiani nilikuwa najiita kwa sauti ndogo, Paker, Paker, watu wa Kitengela wakanipisha. Wa kanisani walipouliza tena kama umeanza kuniita Mama, niliwaambia unaniita kondoo. Hawajaniuliza tangu hapo.

Sasa baba yako. Ana mpango wake. Anataka kesho stendi, mbele ya watu, uniambie, "Kwaheri, Mama," anadhani hiyo itakuwa zawadi yangu, na leo njiani bila shaka ameshakudokeza. Ni mtu mwema na ana haraka. Ndiyo maana nilimkanyaga Ijumaa, na kesho nitavaa viatu vile vile. Wewe panda gari uniage ulivyozoea. Mimi mwenyewe nimeianza barua hii mara kadhaa kwa neno "Mwanangu", kila mara nikaikunja karatasi. Neno lenyewe ninalo, liko hapa karibu na ulimi tangu siku ya kikombe. Naogopa tu kuwasha moto usioombwa.

Kuna jambo moja nililolifikiria baada ya kuosha kibuyu kile ambalo ningependa kukuachia kama faraja. Magadi yakifungua mafuta, mikono ya pembeni huachia kwanza, na wa katikati ndio huchelewa. Uliochelewa kushika huchelewa kuachia. Ningeishia hapo, ni mwisho mzuri na wa kanisani wangeupigia makofi. Lakini nitakuwa nimekudanganya, kwa sababu kuna nyakati kilichoshika katikati huteleza chenyewe kikahamia pembeni, hasa penye joto, na hakuna sheria inayokikataza. Utafika Kericho, utapata watu, labda utaolewa huko kwenye chai, na Kitengela itakuwa mahali ulipopita. Nikilifikiria hilo naumia, nakuambia waziwazi. Lakini namba yangu kazini haijawahi kufika sifuri hata siku moja. Asidi kidogo hubaki haijashikwa, tunaipima, tunaandika, tunazima moto, na rangi inakauka vizuri tu milangoni mwa watu.

Nimekaribia kumaliza, macho yanauma.

Baadaye ulikipeleka kile kibuyu kwa Koko, na ulipoona hakirudi ulidhani amekificha. Ni mimi niliyekwenda kukichukua. Niliona aibu hata kukitaja, lakini alishajua. Alikinusa akanitazama. "Wewe Mkamba, hii kibuyu uliua," akasema. "Sasa kaa nayo, lea." Akanionyesha. Unachukua kijiti cha mzeituni wa porini, oloirien, unakichoma kichwa mpaka kiwe kaa jekundu, unakiingiza ndani kikiwa na moto wake, unasugua polepole ukizungusha, unakung'uta majivu. Mara ya kwanza kilitoa harufu ya sabuni iliyoungua na nikatamani kukitupa. Nikarudia Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata, nyuma ya tangi la maji. Nikawa natia maziwa, nayaacha yalale, namimina, nachoma tena. Uliwahi kuniuliza, "Paker, nini inaungua huko nyuma?" nikakwambia takataka. Koko amekuwa akiniletea vijiti kila anapokuja, ndani ya ule mfuko ambao Lemayian alisema una dawa za kienyeji.

Jana nilikinusa kwa mara ya mwisho. Kina moshi, kina maziwa, sabuni siisikii tena. Kama kuna mtu ndani, hilo siwezi kukwambia. Sikumjua Yeyo wako, sijui alinukaje, na katika mambo yote niliyowahi kupima hili ndilo sina kipimo chake. Ni wewe tu unayeweza. Kimo ndani ya begi lako la bluu, chini ya sweta, kimefungwa kwa shuka yake ile ile. Kifungue ukiwa peke yako. Ukikuta hakuna mtu, nitaelewa, na hutalazimika kuniambia.

Nimetia na kijiti kimoja cha oloirien. Harufu haikai milele, inataka kurudiwa. Kijiti hicho kikiisha, vingine viko hapa nyuma ya tangi, na mimi Jumamosi nyingi nipo. Mambo ya likizo utaona mwenyewe, kama ulivyosema.

Nawasikia mnafungua geti. Agizo langu ni hili moja: usikioshe kwa sabuni.

Paker